Mechi Mbili Hazitoshi Kuipima Timu ya Taifa

Oktoba 2024 Taifa Stars ilifungwa na DR Congo mara mbili ndani ya siku tano: 1-0 Kinshasa, kisha 2-0 Dar es Salaam mbele ya mashabiki wake. Mwezi mmoja kabla ya hapo ilikuwa imetoka suluhu nyumbani na Ethiopia. Kama mashindano hayo yangekuwa ya mtoano, Tanzania ingekuwa imeaga siku ileile. Lakini nafasi za AFCON ya wanaume zinatafutwa kwa makundi ya timu nne, na kila timu inacheza mechi sita. Novemba Stars ikaichapa Ethiopia 2-0, siku tatu baadaye Simon Msuva akafunga bao pekee dhidi ya Guinea, na pointi 10 zikatosha kushika nafasi ya pili nyuma ya Wakongo hao hao na kukata tiketi ya Morocco. Hakuna aliyelalamika kwamba Tanzania imebebwa. Iliteleza, ikapata muda wa kujirekebisha, ikajirekebisha.

Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, haipewi muda huo, na wala Harambee Starlets ya Kenya, Crested Cranes ya Uganda au timu nyingine yoyote ya wanawake barani. Njia ya kwenda WAFCON, fainali za Afrika za wanawake, ni raundi mbili za mtoano, kila raundi mechi mbili, nyumbani na ugenini. Timu inayofuzu imecheza mechi zisizozidi nne. Timu inayotolewa raundi ya kwanza imecheza dakika 180, basi, isubiri mzunguko mwingine. Ninachosema ni kwamba utaratibu huu umepitwa na wakati. Unaipa bahati nafasi kubwa kuliko uwezo, na unawanyima wachezaji wa kike wa Afrika kile wanachokihitaji kabla ya kitu kingine chochote, yaani mechi za ushindani za kutosha. CAF, shirikisho la soka la Afrika, inapaswa kuuacha mtoano na kupanga mchujo wa WAFCON kwa makundi, na haina haja ya kutafuta mbali namna ya kufanya hivyo, kwa sababu tayari inafanya jambo linalofanana nalo kwenye mashindano ya klabu zake za wanawake.

Najua hoja hii inakuja wakati ambao Afrika Mashariki ina sababu ya kuupenda mtoano. Septemba 2023 Twiga Stars ilirudi kutoka ugenini ikiwa imefungwa 2-0 na Ivory Coast, timu iliyowahi kucheza Kombe la Dunia mwaka 2015. Wengi walishaizika. Pale Chamazi, Dar es Salaam, ikarudisha mabao yote mawili, ikashinda kwa matuta 4-2, na baadaye ikaitoa Togo kwa jumla ya 3-2 na kurejea WAFCON baada ya miaka 15. Siku zilezile, Starlets iliyofungwa 1-0 Douala iliilipa Cameroon 1-0 Nairobi na kuitupa nje kwa penalti. Kisha Oktoba 2025 yakatokea yale ambayo hayajawahi kutokea: Tanzania na Kenya zikafuzu pamoja, Tanzania ikiitoa Ethiopia na Kenya ikiitoa Gambia. Mtu anaweza kuuliza, kwa nini tuvunje ngazi tuliyopandia? Nami furaha ile niliifurahia na bado naifurahia. Ila mfumo wa mashindano haupimwi kwa siku ambayo sisi tumeshinda. Kenya iliyoitoa Cameroon mwezi Septemba ilitolewa na Botswana kabla mwaka haujaisha, kwa sare ya 1-1 nyumbani na kipigo cha 1-0 ugenini. Ndani ya wiki kama kumi timu moja ilionekana kuwa kubwa kuliko Cameroon na ndogo kuliko Botswana. Mechi nne ambazo tofauti haikuzidi bao moja haziwezi kutuambia ukweli uko upande gani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa Uganda na Ethiopia. Oktoba 2021 zilikutana kwenye mchujo wa WAFCON ya 2022. Uganda ikashinda 2-0 kwake, Ethiopia ikalipa 2-0 Addis Ababa, wakaenda kwenye matuta na Uganda ikapita. Februari 2025 zikakutana tena kwenye mchujo wa 2026. Uganda 2-0 Kampala. Ethiopia 2-0 Addis Ababa. Matuta. Safari hii Ethiopia ndiyo iliyopita. Dakika 360 za soka, mabao manne kwa manne, na hakuna anayeweza kusema kwa haki timu ipi ilistahili na ipi haikustahili. Katika kundi la timu nne, matokeo kama hayo yangezipa timu zote mbili pointi tatu tatu, na swali lingebaki kwa wapinzani wengine wawili: nani kati yao anajua kwenda ugenini kutafuta pointi, nani anapoteza mechi anazopaswa kushinda. Mtoano hauna nafasi ya kuuliza swali la pili. Unamweka mchezaji mmoja kwenye nukta ya penalti na kumbebesha miaka miwili ya kazi ya wenzake.

Na kwa wanawake siyo miaka miwili tu. Kwa Afrika, tiketi za Kombe la Dunia la 2027 nchini Brazil zinatolewa kupitia WAFCON ya 2026: timu nne za nusu fainali zinakwenda moja kwa moja, na zinazotolewa robo fainali zinagombea nafasi za mchujo wa mabara. Hakuna mlango mwingine. Maana yake Uganda, ilipotolewa kwa matuta Februari 2025, ilikuwa imeondolewa pia kwenye Kombe la Dunia linalochezwa zaidi ya miaka miwili baadaye. Wanaume wa Afrika wanakata tiketi za Kombe la Dunia kwa makundi yao wenyewe, tofauti na ya AFCON. Kwa 2026 yalipangwa makundi ya timu sita, mechi kumi kwa kila timu. Dada zao wanaingizwa mashindano yote mawili kwenye tundu moja la sindano.

Wapo wanaosema timu kubwa hupita tu, mfumo uwe wowote, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Ghana inalikanusha hilo. Black Queens wamefika fainali ya Afrika mara tatu na kucheza Kombe la Dunia mara tatu. Kwenye mchujo wa 2022 droo iliwapa Nigeria raundi ya kwanza kabisa. Walifungwa 2-0 Lagos, wakashinda 1-0 Accra, wakaaga mwezi Oktoba 2021 kwa tofauti ya bao moja mbele ya mabingwa wa kihistoria wa bara hili. Timu nyingine zilizopangiwa wapinzani wepesi zilikwenda Morocco. Ghana iliporudi, kwenye fainali za WAFCON ya 2024 zilizochezwa Julai 2025, ilimaliza ya tatu. Droo ya makundi nayo ina bahati yake, sikatai, lakini kwenye kundi ukiangukia pamoja na Nigeria bado kuna nafasi ya pili ya kupigania. Kwenye mtoano ukipangiwa Nigeria, kazi yako ya miaka imefungwa na mkono uliochota karatasi kwenye bakuli.

Novemba 2025 CAF ilikiri tatizo hili la timu kubwa kubaki nje kwa njia ambayo, kwa maoni yangu, imeongeza jingine. Mechi za mchujo zikiwa zimekwisha na timu 11 zimeungana na mwenyeji Morocco, shirikisho lilitangaza kwamba fainali zitakuwa na timu 16 badala ya 12. Nafasi nne zilizoongezeka walipewa waliotolewa raundi ya mwisho wenye viwango vya juu vya FIFA: Cameroon, Ivory Coast, Mali na Misri. Kuongeza timu ni jambo jema na lilichelewa. Njia iliyotumika ndiyo mbaya. Cameroon ilikuwa imetolewa uwanjani na Algeria, Ivory Coast na Burkina Faso, Mali na Cape Verde, Misri na Ghana. Ethiopia iliyotolewa na Tanzania, Gambia iliyotolewa na Kenya, Angola, Namibia, Benin na DR Congo nazo zilikuwa zimetolewa katika raundi hiyohiyo, zikaachwa kwa sababu ya namba zilizo kwenye orodha ya FIFA. Wachezaji hawakuingia uwanjani wakijua kwamba namba hizo zitahesabiwa.

Mtu atasema viwango vya FIFA ni kipimo kisicho na upendeleo. Vingekuwa hivyo kama timu zote zingekuwa zinacheza. Viwango vinajengwa kwa matokeo ya mechi, na mechi ndizo timu za wanawake wa Afrika zisizokuwa nazo. Shirikisho lenye uwezo linatumia kalenda ya FIFA kucheza mechi za kirafiki na timu zilizo juu yake, na hata sare moja inalipandisha. Shirikisho maskini linaacha madirisha ya kimataifa yapite bila kuita kambi, timu inabaki palepale ilipoachwa na mchujo uliopita, na zikija nafasi za upendeleo haimo. Kwa hiyo mtoano unaikosesha timu mechi, halafu orodha inaiadhibu kwa kutokuwa na mechi. Huwezi kutoka kwenye mzunguko huo kwa juhudi za mazoezini peke yake. Kama mchujo ungekuwa wa makundi, nafasi za nyongeza zingetolewa kwa hesabu iliyoonekana na kila mtu: waliomaliza wa tatu wakiwa na pointi nyingi zaidi.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani kwenye matokeo. Fikiria kocha anayeita kikosi cha raundi ya kwanza. Ana binti wa miaka 17 aliyeibuka kwenye mashindano ya shule za sekondari, mwepesi, ana mguu wa kushoto, anahitaji mechi tatu nne za kimataifa ili woga umtoke. Pia ana mkongwe wa miaka 32 aliyepungua kasi lakini hatetemeki. Kwa dakika 180 ambazo kosa moja linafunga hesabu, kocha yeyote mwenye akili timamu atampanga mkongwe, na binti atakaa benchi mechi zote mbili. Timu ikitolewa, binti huyo amemaliza mzunguko mzima bila kugusa mpira wa kimataifa, na mzunguko unaofuata anaanza upya akiwa na miaka 19 na woga uleule. Ugenini mkondo wa kwanza, maelekezo yanakuwa ya kuzuia, kupoteza muda, kipa akae chini kila akidaka, turudi na kipigo kidogo tukamalizie nyumbani. Siwalaumu makocha. Wanacheza kwa mujibu wa sheria walizowekewa. Lakini kizazi kizima cha wachezaji kinalelewa katika soka la kuogopa, kisha kinapofika fainali na kukutana na timu zinazoshambulia kwa dakika 90, tunashangaa kwa nini kinazidiwa.

Kinyume chake tumekiona kwa Twiga Stars wenyewe. Februari 2024, kwenye mchujo wa Olimpiki, walikutana na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa wa Afrika wakati huo. Walifungwa 3-0 Dar es Salaam, kisha 1-0 tu Mbombela. Julai 2025 wakakutana nao mara ya tatu kwenye makundi ya WAFCON nchini Morocco. Opa Clement akafunga, mechi ikaisha 1-1. Mabao matatu, bao moja, sare. Wachezaji waliowaona Banyana Banyana wa Afrika Kusini mara mbili walikuwa wameshajua kasi yao, wanajua nani anaingia kati na nani anabaki pembeni, na hawakuwa na cha kuogopa tena. Maendeleo hayo yalikuja kwa sababu ratiba mbili tofauti zilitokea kuwakutanisha mara tatu ndani ya miezi 17. Mfumo wa makundi ungeyafanya yawe jambo la kawaida badala ya bahati. Ndiyo maana fainali za mwaka 2010, Tanzania ilipokwenda Afrika Kusini ikapoteza mechi zote tatu, hazikuzaa chochote kilichoendelea. Kenya ilipata hayohayo Cameroon mwaka 2016. Timu zilionja, zikarudi nyumbani, na hapakuwa na mechi za kujenga juu ya kile zilichojifunza. Tanzania ikasubiri miaka 15, Kenya karibu kumi.

Mabara mengine yameshaelewa. Ulaya ilitafuta washiriki wa Euro ya 2025 kwa ligi tatu zilizopangwa kwa uwezo, ndani yake makundi, kisha mchujo wa mwisho. Asia ilipokuwa inatafuta timu za Kombe la Asia la 2026 ilizikusanya katika makundi manane, kila kundi likachezwa katika nchi moja. Amerika Kusini, ambako mashirikisho kumi yote hucheza Copa America bila mchujo, mwaka 2025 ilianzisha ligi ya mataifa ya wanawake ya timu tisa, kila moja ikikutana na zote nyingine, ili kupata wawakilishi wa Kombe la Dunia. Siyo lazima Afrika iige mojawapo. Bara letu lina mashirikisho 54, umbali mkubwa na ndege chache. Lakini hakuna sababu ya kubaki na njia inayotoa mechi chache kuliko zote.

Pingamizi zito ni la fedha, na ni la kweli. Mashirikisho mengi yanasafirisha timu za wanawake kwa kudunduliza. Safari ya Dar es Salaam kwenda Lomé na kurudi kwa msafara wa watu zaidi ya thelathini, wengi wakiunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi, pamoja na hoteli na posho, ni mzigo unaoweza kumaliza bajeti ya mwaka. Timu zimekuwa zikijiondoa kwa sababu kama hizo, na sitaki kupendekeza kitu kitakachoongeza idadi yao. Ila tufanye hesabu vizuri. Leo timu inayotolewa raundi ya kwanza inafanya safari moja ya nje na kupata mechi mbili. Kundi la timu nne likichezwa katika kituo kimoja, timu hiyo inafanya safari moja na kupata mechi tatu. Nauli ni ileile. Kinachoongezeka ni siku chache za hoteli, na hapo ndipo CAF inapaswa kuweka mkono wake.

Utaratibu huo siyo wa kubuni. Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya CAF inatafuta washiriki wake kwa kanda, na ukanda wetu wa CECAFA unakusanya klabu katika mji mmoja na kumaliza kazi hapo. Nairobi iliandaa mwaka 2021, Vihiga Queens wakapita. Dar es Salaam 2022, Simba Queens wakapita na baadaye kushika nafasi ya nne barani. Kampala 2023, Addis Ababa 2024, Nairobi tena 2025. Klabu zisizo na mapato ya kutaja zimeweza kusafiri, kula, kulala na kucheza mechi kadhaa ndani ya wiki mbili. CECAFA imefanya hivyo pia kwa timu za taifa za wanawake, kuanzia Jinja mwaka 2016 hadi Dar es Salaam mwaka 2025, mara zote mbili Tanzania ikiibuka bingwa mbele ya Kenya. Klabu zikiweza, na timu za taifa zikiweza kwa kombe la ukanda, hakuna sababu ya kusema haiwezekani kwa mashindano makubwa kuliko yote ya wanawake Afrika.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Hatua ya kwanza ichezwe kwa kanda, makundi ya kituo kimoja, ili kubaki na timu 24. Hatua ya pili iwe makundi sita ya timu nne, nyumbani na ugenini, mechi sita katika madirisha matatu ya FIFA. Timu mbili za juu za kila kundi zifuzu, hizo ni 12, waongezwe washindi wa tatu watatu wenye pointi nyingi, na mwenyeji awe wa 16. Hatua hiyo ya pili ndiyo yenye gharama, safari tatu za nje kwa kila timu, sifichi. Bingwa wa WAFCON ya 2024 alipewa dola milioni moja, mara mbili ya yule wa 2022, wakati bingwa wa AFCON ya wanaume ya 2023 alichukua milioni saba. Fedha zimeanza kuja kwa wanawake, na hilo ni la kupongezwa. Ninachoomba ni kwamba sehemu ya nyongeza inayofuata isiende juu kwa bingwa bali chini, kwenye tiketi za ndege za mchujo, ambako kila dola inagusa timu 24 badala ya moja.

Pingamizi la pili ni la vipigo vikubwa. Septemba 2023 Rwanda ilifungwa na Ghana 7-0 Kigali na 5-0 Accra. Kenya iliifunga Sudan Kusini jumla ya 15-1 mwaka 2021. Tukiweka makundi, wanasema, tutakuwa na aibu sita badala ya mbili. Nadhani ni kinyume. Rwanda ilikutana na Ghana na hakuna mwingine. Ikaondoka na mabao 12 na bila somo lolote, maana hakuna unachojifunza kwa mpinzani aliye mbali nawe kiasi hicho. Kwenye kundi la ukanda ingekutana pia na timu za kulingana nayo, mechi ambazo inaweza kushinda au kushindwa, na hizo ndizo zinazokuza timu. Hatua ya kanda ipo ili wakubwa wakutane na wakubwa baadaye.

Klabu za Ulaya zinazowaajiri wachezaji wetu zitalalamika kuhusu kalenda, na kwa hilo sina maneno mengi. Madirisha ya FIFA yapo tayari na klabu zinawajibika kuwaachia wachezaji. Ulaya yenyewe inayatumia.

Kuna pia wanaohofia kwamba makundi yataua msisimko, hatutaona tena usiku kama ule wa Chamazi dhidi ya Ivory Coast. Msisimko ule ulitokana na nini? Ulitokana na mechi ya nyumbani yenye maana, dhidi ya timu kubwa, uwanja umejaa. Mtoano unaipa nchi mechi ya namna hiyo mara moja au mbili kila mzunguko. Makundi yanaipa tatu, zenye tarehe zinazojulikana mapema, ambazo kituo cha televisheni kinaweza kuzitangaza, mdhamini akazinunua na mzazi akapanga kumpeleka binti yake. Stars dhidi ya Guinea ilikuwa mechi ya makundi, na hakuna aliyeuita mchezo ule baridi.

Halafu kuna jambo la kujiondoa. Mapema mwaka 2022 Kenya ilijitoa kwenye raundi ya pili ya mchujo wa WAFCON kufuatia mgogoro wa uongozi wa soka nchini humo, na Uganda ikapata tiketi bila kupiga mpira katika raundi hiyo. Uganda haikuwa na kosa. Wachezaji wa Kenya nao hawakuwa na kosa. Katika kundi la timu nne, mmoja akijitoa wanabaki watatu wanaocheza, na tiketi bado inatafutwa kwa miguu. Kwenye mtoano, mgogoro wa ofisi moja unaamua kila kitu kwa nchi mbili.

Mashirikisho ya Kenya, Tanzania na Uganda yana sauti CAF sasa kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa ndiyo wenyeji wa AFCON ya wanaume ya 2027. Viongozi wake wanakutana na wakubwa wa shirikisho la bara mara kwa mara kuzungumzia viwanja, hoteli na barabara. Kwenye vikao hivyohivyo waweke mezani pendekezo la kubadili mchujo wa wanawake, likiwa limeandikwa, lina hesabu za safari na siku, na CECAFA ijitolee kuwa ukanda wa kwanza kuandaa hatua ya kituo kimoja, kwa kuwa uzoefu inao. Na lifike makao makuu ya CAF, Cairo, kabla droo ya mzunguko ujao wa WAFCON haijapangwa, kwa sababu droo ikishachezeshwa CAF haitabadili kitu.